Kisiwa cha Laki Mbili na Nusu

Nilikwenda kuitazama sufuria yangu.
Ghalib aliiazima mwezi wa Shaabani,
akasema, "Shangazi, siku nne tu,"
ikakaa ufuoni Mtongwe wiki tano,
na jana usiku, ukumbini Tononoka,
kwa kiingilio cha shilingi mia,
nikaiona inatupwa mchangani na wimbi
kama kitu kilichookoka meli.
Nikawaambia wa kando yangu: ile yangu.
Ina kovu kitakoni, umbo la kwato. Itazameni.

Niseme kweli, ijapokuwa sijaulizwa.
Papa ni mpira wa tairi.
Ana kiraka.
Damu ni choya; nimeuza choya
miaka thelathini, sidanganyiki.
Ndevu za Shekue siku ya tisa zagusa kifua,
siku ya kumi kidevu chang'aa kama yai,
siku ya kumi na moja zimerudi, na mvi juu yake.
Eti njaa inamuua, na kitambi chake
ndicho kinachotangulia kuingia kila picha.
Na kisiwa chenyewe, ambacho eti ramani haikijui,
kina winchi za Kilindini nyuma ya mnazi.
Ghalib alizificha kwa moshi wa makumbi.
Upepo ukageuka, zikachungulia,
na kijana mmoja viti vya mbele akapaza sauti:
"Vuka, kaka! Feri ni bure!"

Nilicheka mpaka ushungi ukanitoka.
Kisha nikaona haya.
Mtoto wa watu kauza pikipiki.

Halafu pesa za muziki zikaisha.
Dakika ya hamsini, au hapo karibu,
ngoma zile za kututisha zikakatika ghafla,
akabaki Mwanamize peke yake,
yule wa kibanda cha kusajili laini, Mwembe Tayari,
hajapata kuigiza hata siku moja.
Ametandika karatasi ya nailoni usiku,
alfajiri anaikunja pembe nne, taratibu,
umande unateremka katikati, tone likiita tone,
haujazi hata kijiko.
Haunywi. Anautazama.
Anamtazama Shekue aliyelala.
Anautazama tena.
Hakuna kinanda. Ni pumzi zake tu
na upepo unaokwaruza maikrofoni,
upepo ule ule niliokuwa nikiucheka,
sasa umekuwa kiu yenyewe, inasema.

Nyuma yangu mtu alikuwa akimenya karanga.
Akaacha.

Maana nani humu asiyejua?
Bahari kulia, bahari kushoto,
na mfereji ukiufungua unakohoa hewa.
Mwaka ule tulikesha na madumu foleni,
nikampimia mama, yuko kitandani, maji ya kunywa
kwa kikombe cha kahawa: kimoja asubuhi,
kimoja magharibi. Cha tatu kilikuwa cha usiku.
Nilikinywa mimi, jikoni, taa nimezima.
Sijapata kumwambia mtu.
Mwanamize alipoinamisha nailoni kinywani mwake
bila kumwamsha mwenzake,
nilihisi nimetajwa jina mbele za watu.

Baadaye filamu ikaharibika tena, alhamdulillahi.
Helikopta ikaja kwa sauti tu;
kivuli chake ni pangaboi, nimeyahesabu mabawa, matatu.
Shekue akalia machozi ya kitunguu.
Watu wakapiga makofi, nami nikapiga,
sijui kwa lipi.

Mlangoni Ghalib akanishika mkono. "Shangazi, vipi?"
Nikamwambia papa atafutiwe ngozi.
Nikamwambia ndevu. Nikamwambia winchi.
La nailoni halikunitoka.

Sufuria kanirudishia leo asubuhi.
Imebonyea ubavu, mchanga umeigandia ndani.
Nimeisugua kwa jivu.
Nimeijaza maji mpaka ukingoni, nikaiweka mezani.
Saa nne sasa.
Chai sijaipika.